Bandia: neno la noti, si neno la mtu

Sokoni Goma au Bukavu, mama muuzaji akipewa noti ya dola huinyoosha, huiinua kwenye mwanga na kuipapasa kwa kidole. Akiwa na shaka, anairudisha kwa neno moja: «Feki.» Redioni husemwa bandia. Maana ni ileile: kitu kinafanana na cha kweli, lakini sicho.

Feki limetoka kwenye Kiingereza. Bandia ni la zamani zaidi, na halisemi wizi peke yake. Huko pwani, mtoto wa bandia ni mwanasesere. Msichana humbeba mgongoni, humbembeleza na kumlaza. Hakuna anayedanganywa, kwani yeye mwenyewe anajua kwamba anacheza. Noti bandia, dawa bandia na cheti bandia ni jambo lingine: hapo mtu ameficha ukweli ili mwenzake apate hasara.

Historia ya Kongo, wakati ikiitwa Zaire, inaongeza somo lingine. Bei zilikuwa zinapanda kila siku, na utawala wa Mobutu ukatoa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akivutana na Mobutu, alitangaza kwamba noti hiyo si halali. Mwezi wa kwanza 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hizo, na wafanyabiashara wa Kinshasa wakazikataa. Wanajeshi wakaasi na kupora mji. Watu wengi walikufa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard.

Mwezi wa kumi mwaka uleule ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani. Franka ya Kongo ilianza kutumika tarehe 30 mwezi wa sita 1998.

Noti ya milioni 5 haikughushiwa na mwizi gizani. Ilitoka kwa wenye mamlaka. Kilichokosekana ni imani ya watu, na kwa sababu hiyo karatasi ya kweli ilirudishwa kama ya uongo.

Familia zilizokimbia vita zinalijua jambo hili vizuri. Mama amefika bila kadi ya uchaguzi, ile inayotumika pia kama kitambulisho, kwa kuwa imebaki ndani ya nyumba iliyoungua. Jina lake halimo kwenye orodha ya msaada. Mtu mmoja anasema: «Huyu ni mkimbizi bandia.» Neno linaenea, na watoto wanalala njaa.

Kadi inaweza kuwa bandia. Orodha pia inaweza kuwa na majina ya uongo, na ni haki kuichunguza. Lakini mtu hainuliwi kwenye mwanga kama noti. Aulizwe kijiji chake, waitwe majirani waliokimbia pamoja naye, asikilizwe chifu aliyemjua. Baada ya hapo ndipo watu waseme.