SSH

SSH ni itifaki ya kuendesha kompyuta iliyo mbali kwa amri za maandishi. Programu zinazoifuata huitwa kwa jina hilohilo. Kompyuta inayoamrishwa huwa na programu ya seva inayosubiri maombi, kwa kawaida kwenye mlango namba 22, na mtumiaji huwa na programu ya mteja. Fundi aliyeko Malava, katika eneo la Kabras kaunti ya Kakamega, anaweza kuwasha upya huduma iliyokwama kwenye seva ya Nairobi akiwa na kompyuta ndogo, au hata simu ya Android. Amri hutekelezwa Nairobi. Malava hurudi majibu tu.

Kwa sehemu kama Kabras, nchi ya miwa kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, ubora mkubwa wa SSH ni wepesi. Kurusha picha nzima ya skrini ya mbali hula bando. Mistari ya maandishi hupita hata mtandao wa simu ukiwa dhaifu. Inachoudhi ni ucheleweshaji, kwa kuwa kila herufi husafiri hadi kwenye seva na kurudi kabla ya kuonekana. Wakati intaneti ya Kenya ilipopitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, safari hiyo ilichukua nusu sekunde au zaidi. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ziliipunguza sana. Mosh, programu iliyotoka MIT mwaka 2012, huonyesha herufi papo hapo kwa kubashiri, na haikatiki mtumiaji anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Kabla ya SSH ilitumika Telnet, iliyoanza 1969. Hiyo ilipitisha nenosiri waziwazi, hivyo aliyedukiza njiani alilisoma. Wizi wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki ndio uliomfanya Tatu Ylönen atunge SSH mwaka 1995. OpenSSH, toleo huria linalotumika zaidi leo, lilitoka 1999.

Kila kinachopita husimbwa. Badala ya nenosiri, mtumiaji anaweza kuwa na jozi ya funguo: wa umma huwekwa kwenye seva, wa siri haumtoki. Hii ndiyo njia ya kuchaguliwa, maana seva iliyo wazi kwenye intaneti hubahatishiwa nenosiri mchana na usiku. Mara ya kwanza, mteja huonyesha alama ya utambulisho ya seva na kuomba idhini. Wengi hukubali bila kuilinganisha, na hapo ndipo tapeli aliyejiweka katikati hupata upenyo.

Umeme au mtandao ukipotea upande wa mtumiaji, kazi iliyokuwa ikiendelea mara nyingi hufa pamoja na kikao. Tiba yake ni kuianzisha ndani ya programu kama tmux au screen, ambayo huishikilia kwenye seva mpaka mtumiaji arudi kuunganishwa nayo.