Sambaza wa Ziwa Kivu

Samaki huyu mdogo anayekaangwa kote Rubavu, Rwanda, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakuta katikati ya ziwa hakuna samaki mwingine wa kumgombania chakula.

Kivu lina kina cha mita 485, lakini chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi ya methani na kaboni dioksidi. Sambaza huishi ghorofa ya juu tu. Mchana hushuka kujificha, usiku hupanda kula. Hapo ndipo wavuvi humvuta kwa taa, wavu ukining'inia kati ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu.

Kuanzia Juni, upepo wa kiangazi hupoza na kukoroga maji ya juu. Rutuba hupanda kutoka chini, mwani hustawi, vidudu vinavyoula huongezeka, na sambaza hunenepa. Wachanga hukaa karibu na ufuko, wakubwa huelekea kilindini. Kila mwaka Rwanda hufunga uvuvi takriban miezi miwili, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili wachanga wakue. Baadhi ya samaki hao, bila pasipoti, huvuka mpaka hadi Goma, Kongo.