Jeshi Lililobebwa Kichwani: Muundo na Zana za Vita vya 1914–1918 na Asili ya Jina la Kariakoo

Insha hii inachunguza muundo na usafirishaji wa majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Hoja yake kuu ni kwamba mpagazi alikuwa kiungo cha jeshi lenyewe, wala hakuwa msaidizi wa pembeni.

Kwa upande wa Wajerumani, kikosi cha msingi kilikuwa kombania. Mwaka 1914 zilikuwapo 14, kila moja ikiwa na askari wapatao 160, bunduki za rashasha na wapagazi wake yenyewe. Hivyo iliweza kujitegemea porini. Manowari Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa. Karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaiundia magari ya magurudumu, nayo ikakokotwa na mamia ya watu.

Waingereza walileta magari ya deraya ya Rolls-Royce. Yalifaa katika nyika kavu za mpakani, lakini jeshi lilipoelekea kusini mwaka 1916, matope yaliyakwamisha, na mbung'o wakaangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe. Mzigo ukarudi kichwani mwa binadamu. Kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za Waswahili zikalifanya jina hilo Kariakoo. Dar es Salaam ilipotwaliwa tarehe 4 Septemba 1916, wapagazi walipiga kambi katika eneo ambalo baadaye likawa soko.

Kuhara damu, malaria na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Hesabu rasmi ya Waingereza ilizidi vifo 40,000, na wapo wanahistoria waliokadiria karibu 100,000. Mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia warithi.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji, inawataja wapagazi katika maandishi yake, ila umbo lake ni la askari mwenye bunduki na singe. Kwa hiyo jina la Kariakoo lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Utafiti wa zana za vita hivyo unaohesabu mizinga na deraya pasipo kumhesabu aliyezibebea risasi na chakula hauwezi kueleza jinsi jeshi lilivyosonga mbele, wala gharama yake ilivyolipwa na nani.