Madhara ya sukari kuzidi katika damu kwa muda mrefu

MTU anaweza kuishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka kadhaa bila kujua. Kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku hudhaniwa kuwa ni joto au uzee. Wakati huo wote sukari huwa inaharibu mishipa yake ya damu.

Mishipa midogo huathirika sana. Ile iliyo nyuma ya jicho huvimba na kuvuja, na mara nyingi mgonjwa hutambua kasoro baada ya uharibifu kukomaa. Vichujio vya figo navyo hudhoofika hadi protini ikapita kwenye mkojo. Figo zikishindwa kabisa, hubaki kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine. Mishipa mikubwa ikiziba, huja kiharusi na mshtuko wa moyo.

Miguu ndiyo huhitaji uangalizi wa kila siku. Neva za nyayo hufa ganzi, hivyo mtu huchomwa na mwiba au kuchubuliwa na kiatu kipya asihisi lolote. Kwa kuwa damu haifiki vyema, kidonda hakiponi, na kikioza daktari hulazimika kuukata mguu. Ndiyo maana mwenye kisukari hukatazwa kutembea pekupeku, hata nyumbani, na huagizwa kukagua nyayo zake kila siku, kwa kioo ikiwa hawezi kuinama. Ushauri huu huonekana mdogo mno, na pengine ndiyo sababu hupuuzwa.

Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliosajili wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa wametambuliwa karibuni, ulionyesha mwaka wa 1998 kuwa kudhibiti sukari kikamilifu hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. La kustaajabisha zaidi lilijitokeza mwaka wa 2008. Tofauti ya sukari baina ya makundi ilitoweka mwaka mmoja tu baada ya jaribio kumalizika, lakini waliodhibitiwa vyema tangu mwanzo waliendelea kunufaika kwa miaka 10 iliyofuata. Miaka ya kwanza, basi, ina uzito wake.

Sukari ya mtu aliyefunga kula kwa saa nane ikifika milimoli 7.0 kwa lita, na kipimo cha pili kikathibitisha, huyo ana kisukari. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, hivyo aliyejinyima chai ya sukari siku moja kabla ya kliniki hawezi kukihadaa.