Kukesha
Kitenzi kukesha, yaani kukaa macho mpaka kupambazuke, ndicho kinachotumika katika Mathayo 24 na 25 kuwaagiza waumini wamngoje Bwana atakayekuja kuhukumu siku wasiyoijua. Huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako waasi wa M23 waliingia makao makuu ya teritwari hizo (maeneo ya utawala yaliyo chini ya mkoa) Januari na Machi 2025, wengi wamekesha kwa hofu, na ni kosa kubwa kuwahubiria kana kwamba usingizi ndio dhambi. Katika mfano wa wanawali kumi wa Mathayo 25, wote walisinzia, hata wenye busara. Kilichowatofautisha hao na wapumbavu ni mafuta ya akiba ya taa, ambayo wafafanuzi wengi huyaeleza kuwa imani na matendo mema.