Pikapu yako ina nyota ngapi, na taa zake zinafika mita ngapi?

Mkoani Simiyu pikapu si gari la starehe. Inabeba mbegu na dawa za pamba, inapeleka mbuzi mnadani, inakimbiza mgonjwa Bariadi usiku wa manane, na Jumapili inabeba kwaya nzima kwenye bodi. Kwa hiyo kabla ya mtu kutoa hela yake kuna maswali mawili ya kuuliza, mbali na yale ya injini na ulaji wa mafuta. Ikigonga, nani anapona? Na usiku, dereva anaona umbali gani?

Maswali haya yana majibu yaliyopimwa. Tatizo ni kwamba mengi hayafiki yadi ya magari.

Nyota zinatoka wapi

Ulaya wanaopima ni Euro NCAP, Australia ni ANCAP, Marekani kuna taasisi ya kampuni za bima iitwayo IIHS. Kwa magari mapya yanayouzwa Afrika, Global NCAP imekuwa ikipima kupitia mradi wake wa magari salama kwa Afrika, ikishirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini.

Jaribio lao maarufu ni hili: gari linavutwa kwa kilomita 64 kwa saa na kugongeshwa kwenye kizuizi kinachobonyea, lakini linagonga kwa asilimia 40 tu ya upana wa mbele, upande wa dereva. Ndani wamekaa midoli yenye vipimo kichwani, kifuani na miguuni. Mtindo huo unaiga magari mawili kukutana uso kwa uso, kila dereva akijaribu kukwepa dakika ya mwisho. Watu wa Simiyu wanaijua ajali ya aina hiyo. Januari 11, 2022, wilayani Busega, magari mawili yaligongana uso kwa uso na kuua watu zaidi ya kumi, wakiwemo waandishi wa habari waliokuwa kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Ilikuwa mchana, na hayakuwa pikapu, lakini barabara yenye njia moja kwenda na moja kurudi ndivyo ilivyo: kosa la mmoja linalipwa na wote.

Jina moja, magari mawili

Mwaka 2018 Global NCAP ilipima Nissan NP300 Hardbody ya Afrika Kusini, pikapu inayofahamika sana huku kwetu. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Bodi ilionekana si imara, na kichwa na kifua cha dereva vilikuwa hatarini hata na mifuko hiyo. Hapa pana somo kwa wanaodhani mifuko ya hewa inatosha. Kama kibanda chenyewe kinajikunja, mfuko hauna pa kusimamia.

Miaka miwili baadaye walifanya jambo lililowaudhi wengi. Walichukua Hardbody mpya ya Afrika Kusini wakaigonganisha na Nissan Navara ya mwaka 2015, iliyotumika, ya soko la Ulaya. Kampuni moja, kazi moja. Dereva wa Navara iliyotumika angeweza kushuka akitembea. Dereva wa Hardbody mpya, kwa vipimo vya midoli, huenda angekufa. Mwaka huohuo wa 2020 Great Wall Steed 5 nayo ilipata sifuri.

Toyota Hilux, ambayo kwa wengi ndiyo maana yenyewe ya neno pikapu, ina hadithi yake. Mwaka 2016 Euro NCAP iliipa nyota 3 ikiwa na vifaa vya kawaida, na nyota 5 ikiwa na kifurushi cha ziada cha usalama. Gari lile lile, chesesi ile ile. Anayesema "Hilux ina nyota tano" hasemi uongo, ila hajamaliza sentensi. Land Cruiser 79 nayo ilipata nyota 5 za ANCAP mwaka 2016, lakini ni ile ya kibanda kimoja ya soko la Australia, baada ya kuongezewa mifuko ya hewa hadi mitano. Yenye milango minne haikuwa ndani ya matokeo hayo. Isuzu D-Max ya kizazi kipya ilipata nyota 5 za ANCAP mwaka 2020, wakati masharti yalikuwa yameshakazwa, na nyota za mwaka huo ni ngumu kuzipata kuliko za zamani.

Ukikuta nyota kwenye tangazo, basi, uliza ni za mwaka gani, za soko gani, na kwa vifaa gani.

Na wale wa nyuma?

Hakuna mdoli hata mmoja unaowekwa kwenye bodi. Nyota zote hizi, ziwe 5 au 3, zinahusu watu waliokaa kwenye siti na kufunga mikanda. Kumi waliosimama nyuma wakishika bomba hawajapimwa na mtu, kwa sababu hakuna cha kupima: hakuna siti, hakuna mkanda, hakuna paa. Gari likipinduka, wao wanatangulia. Pikapu ya nyota 5 yenye watu nyuma ni gari salama kwa wawili au watano, na kwa waliobaki ni tela tu.

Taa: hapa ndipo pikapu zilipoanguka

Mwaka 2016 IIHS ilianza kutoa alama kwa taa za mbele. Wanapima usiku, kwenye uwanja wao huko Virginia, gari likienda moja kwa moja, likikata kona pana na kona kali, kulia na kushoto. Wanaangalia mwanga unafika wapi, na kama unamuumiza macho anayekuja.

Oktoba mwaka huo walipima pikapu 11, na ni moja tu, Honda Ridgeline, iliyoweza kupata alama ya "nzuri", tena kwa matoleo yake ya bei ya juu. Taa za Ridgeline zilimulika hadi kama mita 109. Chevrolet Colorado ya bei ya chini, yenye balbu za halojeni, iliishia kama mita 37.

Pikapu hizo mbili si za kawaida Bariadi, lakini hesabu yake ni ya kila mahali. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, ameshakwenda mita 33. Breki kwenye lami kavu zinahitaji nyingine 35 hivi. Jumla ni karibu mita 70. Mwenye taa za mita 37 anamwona ng'ombe akiwa tayari ameshachelewa. Kwa taa hizo mwendo unaoendana nazo ni kama 50 tu, na kwenye changarawe ya kwenda Meatu au Itilima hata huo ni mwingi.

Na usiku wa Simiyu una mengi barabarani: mikokoteni ya ng'ombe isiyo na rifleta, baiskeli zisizo na taa, fuso lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti kama onyo. Mwaka 2021 IIHS ilitoa matokeo ya kulinganisha ajali halisi: magari yenye taa "nzuri" yalikuwa na ajali za usiku za gari moja pungufu kwa asilimia 19 kuliko yenye taa "mbaya", na za kugonga watembea kwa miguu pungufu kwa asilimia 23.

Mzigo unainua taa

Hili ni la pikapu hasa. Ukipakia nyuma, springi zinalala na pua inanyanyuka. Digrii 1 tu inapandisha mwanga sentimita 17 kwa kila mita 10, kwa hiyo dimu inakuwa karibu sawa na ful. Anayekuja anapofuka, nawe unamulika juu ya barabara. Pikapu nyingi zina kinobu cha kushusha taa kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0. Sifuri ni gari tupu, na namba inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Madereva wengi hawajawahi kukigusa tangu gari liondoke bandarini.

Kupima hakuhitaji mashine. Egesha sehemu tambarare jioni, mita 10 kutoka ukutani, washa dimu. Kwa magari mengi mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa katikati ya taa.

Balbu za LED zinazouzwa mtaani na kuchomekwa kwenye taa ya halojeni zinaonekana kali, lakini kioo kile hakikutengenezwa kwa ajili yake, na mwanga unatawanyika ovyo. Kama tatizo ni plastiki iliyopauka kwa jua na vumbi, fundi anaweza kuisugua, au ibadilishwe.

Wanaoleta pikapu kutoka Dubai waangalie zaidi. Kule wanaendesha kulia, na taa zao zimekatwa kumulika ukingo wa kulia. Hapa kwetu, upande huo ndiko anakotokea mwenzako. Kuhamisha usukani hakubadilishi hilo. Zinahitajika taa nyingine kabisa, zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, kama zile za pikapu za Thailand au Uingereza.