Jina Kapuni: Watu Walioibeba Safari ya Theluji ya Kilimanjaro

Kila ikikaribia Desemba mambo ni yale yale. Mtu anaanzisha grupu la WhatsApp la kwenda kuona theluji Kili, wanajiunga watu 40, siku ya kuchanga wanabaki 7. Wiki mbili baadaye staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, anaposti picha na bendera kwenye ule ubao wa Uhuru, meta 5,895 juu ya bahari, na comment zinafurika. Sasa wewe ikuze ile picha vizuri. Pembeni kabisa utaona bega la mtu, au kiatu, au kidole gumba. Huyo hajatagiwa. Umbea wetu wa leo ni juu ya huyo wa pembeni, na historia yake ni ndefu kuliko ya staa yeyote.

Tuanze na maandalizi, maana safari ya theluji kwa mtu wa Dar haianzii Moshi. Inaanzia Kariakoo na pale Karume kwenye mitumba. Huku kwetu ukivaa sweta watu wanauliza kama unaumwa malaria, kwa hiyo jaketi la baridi kali utalipata wapi kama si kwenye robota lililotoka Ulaya au Kanada? Ukichambua vizuri utakuta majaketi ya skii kabisa, na usishangae zipu ya jingine bado inaning'inia kitiketi cha lifti ya mlima wa watu huko. Nguo imeshateleza kwenye theluji kabla yako. Bei unapatana, ila usimwambie muuzaji unakwenda Kilimanjaro, inapanda hapo hapo.

Kitu ambacho wengi wetu tunakipita kila siku ni jina la mtaa wenyewe. Kariakoo si neno la Kizaramo wala si jina la chifu. Ni "Carrier Corps" iliyopita kwenye midomo ya Waswahili, yaani kikosi cha wapagazi. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko pale kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ikaanza 1914, Waingereza wakaiteka Dar mwezi Septemba 1916, na eneo lile la soko likageuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Vita ilipoisha jina likabaki. Nairobi nao wana Kariokor yao, hadithi ni ile ile.

Na haikuwa kazi ya kubeba mizigo hivi hivi. Magari yalikwama, ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga vilipita kwenye vichwa na mabega ya watu, miezi na miezi. Makadirio ya wanahistoria ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanafika karibu laki moja, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Orodha kamili ya majina haipo. Ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, pale unapopigia picha za Jumapili, wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini tu. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wenzetu wa Nairobi angalau mpagazi walimpa sanamu.

Sasa turudi mlimani, maana huko nako ni kapuni tupu.

Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Johannes Rebmann alitazama akaona kitu cheupe juu ya kilele. Vitabu vinamtaja yeye kama Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ile. Lakini alikuwa na msafara kutoka pwani, na kiongozi wake, Mswahili anayeitwa Bwana Kheri, alipoulizwa kile cheupe ni nini akajibu kwa neno moja: baridi. Hakuhangaika na theluji wala barafu. Binafsi naona lilikuwa jibu sahihi kuliko majibu mengi yaliyofuata, maana London mwanajiografia mmoja, William Cooley, alikataa kabisa kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, akambishia Rebmann miaka na miaka bila kukanyaga Afrika. Yaani mabishano ya kwenye comment hayajaanza leo.

Rebmann alisimuliwa pia kwamba chifu mmoja wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakaangalie kile kitu, wakidhani ni fedha. Akarudi mmoja, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Waliobaki huko juu hawana jina wala kaburi. Ukiacha mambo mengine yote, ile ndiyo safari ya kwanza ya kufuata theluji ya Kili tunayoisikia, na waliokwenda walikuwa watu wa pale pale, bila jaketi la mtumba wala soksi.

Anayefuata ni Hans Meyer, Mjerumani, na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria. Walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Hiyo unaikuta kwenye kila kipeperushi cha utalii. Kinachopitwa haraka ni jinsi walivyoweza. Meyer alikuwa ameshindwa kabla ya hapo, na safari ya tatu akabadilisha mpango: akaweka kambi za ngazi ngazi, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kupeleka chakula ili wao wawili wasilazimike kurudi chini kila njaa ikiuma. Mpango ule ndio uliowafikisha. Kambi ya juu, zaidi ya meta 4,000, alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, mtu wa pwani kama sisi, anapika na kulinda mahema kwenye baridi wakati wakubwa wanakwenda kutafuta historia. Fikiria mtu wa Pangani pale, mtu wangu. Bahari haionekani, miguu haina kitu cha maana.

Miaka 100 baadaye, 1989, wakati wa kusherehekea, watu wakashtuka kwamba Waafrika waliokuwa kwenye msafara ule hawajawahi kupewa hata cheti. Ndipo akapatikana mzee wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, ikaaminika kwamba alikuwa mmoja wao. Mzee hakumkumbuka Meyer kwa jina. Alichokumbuka ni kwamba alipanda mlima na hakuvaa viatu. Wapo wanaobisha kama kweli alikuwa kwenye msafara ule au ni mwingine wa baadaye, na hoja zao zina uzito, maana kama ni ule basi alipofariki 1996 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 120. Lakini angalia vizuri: tunabisha kwa sababu aliyeandika hakujisumbua kuandika majina yote. Angeyaandika, ubishi huu usingekuwepo.

Na kuteleza je? Wale wa grupu mnaouliza kama mtu anaweza kwenda na ubao wa kutelezea kwenye theluji, jibu la kihistoria ni kwamba mmechelewa zaidi ya karne. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika juu na skii na wakazitumia kushukia. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Moshi mwaka mmoja kabla. Furtwängler (kaka yake Wilhelm ndiye yule kiongozi maarufu wa okestra) akapewa barafu yenye jina lake kule kreta. König hakupewa kitu, kwa hiyo hata Mzungu anaweza kuwa kapuni. Wenyeji wao wa safari hata kwenye kapu hawamo.

Mwaka ule wa 1912 Kilimanjaro ilikuwa na barafu ya kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Barafu ya Furtwängler imekatika vipande na inaendelea kuyeyuka, na UNESCO mwaka 2022 ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro zinatarajiwa kuisha ifikapo 2050. Kwa hiyo ubao wako utautelezeshea kwenye mchanga wa volkano. Mwenye hamu ya kuteleza hasa aende Afriski kule Lesotho, Juni hadi Agosti. Wale wanaofuata mzigo Dubai wanajua pia kwamba ndani ya mall kule kuna theluji ya mashine tangu 2005, na nje joto ni lile lile la jangwani.

Turudi kwa yule wa pembeni ya picha. Mlimani wapagazi wanajiita wagumu. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20 kwa mtu, na unapimwa getini, ila kampuni zinazouza safari kwa bei ya kutupa lazima pesa izitoe mahali, na mara nyingi inatoka kwenye mlo wa mgumu, hema lake na posho yake. Moshi kuna mradi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, tangu 2003. Mojawapo ya kazi zake ni kuwaazima wapagazi nguo za baridi bure. Yaani mtu anapanda theluji kwa ajira, na jaketi ni la kuazima.

Hilo ndilo swali la kumuuliza wakala kabla hamjatuma pesa ya grupu: wagumu wetu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanalala kwenye nini, wanakula mara ngapi? Akianza kuzunguka zunguka umeshapata jibu. Sisi raia viingilio vyetu ni nafuu mno kuliko vya wageni, kwa hiyo hoja ya "bajeti haitoshi" upande wa posho za watu haina miguu. Na intaneti ilishafika Horombo, meta 3,720, Agosti 2022, kwa hiyo hata kutag mtu kunawezekana kabla ya kushuka.

Jambo la mwisho la maandalizi ni msimu. Mawakala watawaambia mwende Januari, Februari au kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati njia ni kavu, na kwa miguu yenu hiyo ni sawa. Ila kama mnachofuata ni weupe wenyewe, jueni kwamba mvua ya chini ndiyo theluji ya juu. Novemba, halafu Machi mpaka Mei, ndiyo kilele kinavaa vizuri, njia inakuwa tope, na wagumu wanakuwa na kazi kidogo kuliko miezi mingine yote ya mwaka.